Kutunza giaboksi ya pikapu iliyotembea kilomita nyingi

Miradi mingi ya maendeleo hutegemea gari moja. Gari hilo likisimama, saruji ya kisima haifiki kijijini, dawa hazifiki zahanati na mafunzo yaliyopangwa huahirishwa. Pikapu nyingi tunazotumia ziliingizwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na baadhi yake zimevuka kilomita 300,000. Kununua jipya ni jambo gumu. Kwa hiyo ni muhimu kujua jinsi ya kulitunza lile tulilo nalo.

Wengi wetu hukumbuka oili ya injini, matairi na breki, lakini husahau giaboksi mpaka ianze kupiga kelele. Makala hii inaeleza mambo ambayo dereva na msimamizi wa mradi wanaweza kuyafanya wenyewe, na yale ya kumwachia fundi.

Kazi ya giaboksi

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, ikaenda kwenye propela, kisha difu, na mwisho kwenye magurudumu. Ndani ya giaboksi kuna gia zenye meno, beringi, na pete za shaba ziitwazo sinkronaiza, ambazo hulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Vyote hivi hulindwa na oili.

Oili ya giaboksi haiungui kama ya injini. Ikipungua, ujue inavuja mahali fulani.

Ofisi yetu ya miradi iko Mikocheni. Asubuhi gari huanza na foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki na Mwenge, na baadaye huenda Kisarawe au Mkuranga likiwa na mzigo kwenye mchanga na matope. Foleni humaliza klachi. Mzigo na mchanga huichosha giaboksi na difu. Pikapu ya mjini inayofanya kazi vijijini hupata shida zote mbili, na inahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko gari la familia.

Kupima oili

Egesha gari mahali tambarare, zima injini na uache ipoe. Weka kigingi nyuma ya magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Ubavuni mwa giaboksi kuna nati ya kujazia, na chini kuna nati ya kumwagia. Fungua kwanza ile ya kujazia. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta nati ya kujazia imekwama kwa kutu, gari halitaondoka hapo. Ingiza kidole kwa uangalifu: oili inatakiwa kufika kwenye ukingo wa tundu. Usizidishe, kwa sababu oili iliyozidi husukuma sili na kuanza kuvuja.

Tazama pia oili yenyewe:

• Ikiwa nyeusi na nyembamba, imechoka.
• Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ibadilishwe mara moja.
• Ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika, meno au beringi zimeanza kuvunjika.

Nati nyingi za kumwagia zina sumaku. Ukungu laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari lililotembea sana. Vipande si vya kawaida.

Kuchagua oili

Fuata kitabu cha gari. Pikapu nyingi za gia za mkono hutumia oili ya 75W-90. Kwenye chupa utaona pia maandishi GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa kali zaidi za kulinda meno ya difu, na baadhi ya oili za aina hiyo huweza kuharibu pete za shaba au kuzifanya zishindwe kushika. Kama kitabu kinataja GL-4, usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Giaboksi ya otomatiki ni jambo jingine kabisa. Hutumia mafuta yake maalum, na kuweka oili ya gia za mkono humo ni kuiua.

Mara nyingi gari la mtumba huja bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani. Tafuta kibao cha chuma kwenye chumba cha injini. Kwa magari ya Toyota, kibao hicho huonyesha namba ya giaboksi na difu. Inakili kwenye daftari la gari, kwani utaihitaji pia siku ya kununua spea.

Wakati wa mvua

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hujaza maji katika barabara nyingi za Dar es Salaam, na Mikocheni ni mojawapo ya maeneo yanayotuama. Giaboksi na difu zina tundu dogo la kupumulia. Zikiwa za moto halafu zikaingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu hilo au sili zilizochoka. Baada ya gari kupita kwenye maji yaliyofika kwenye difu, pima oili wiki hiyo hiyo. Safisha matundu ya kupumulia kabla ya mvua kuanza.

Kabla ya kuilaumu giaboksi

Kushusha giaboksi ni kazi ya gharama, na wakati mwingine si ya lazima. Pikapu yetu moja ilianza kukataa gia, na rivasi ikawa inakwaruza. Gereji moja ilishauri giaboksi nzima ibadilishwe. Kabla ya kuidhinisha fedha, tulimwomba dereva ajaribu gia zote injini ikiwa imezimwa. Ziliingia bila shida. Tatizo lilikuwa silinda ndogo ya klachi iliyokuwa ikivuja, na klachi haikuwa ikiachia vizuri. Ilibadilishwa siku hiyo hiyo, na giaboksi ile ile bado inafanya kazi.

Majaribio yafuatayo hayahitaji vifaa:

• Gia zote ni ngumu injini ikiwaka, lakini ni laini ikizimwa: kagua klachi na mafuta yake.
• Gia moja tu inakwaruza: sinkronaiza ya gia hiyo imeisha.
• Kelele inasikika gari likiwa limesimama bila gia, na inakoma ukikanyaga klachi: huenda ni beringi ya mbele ya giaboksi.
• Kelele inaanza ukikanyaga klachi: huenda ni beringi ya klachi.
• Injini inavuma lakini mwendo hauongezeki, na kuna harufu ya kuungua: klachi inateleza.
• Mgongo mmoja wakati wa kuondoka: kagua joenti za propela.
• Gia inaruka yenyewe: usipakie mzigo wala watu mpaka fundi aione. Gari lililojaa likipoteza gia kwenye mteremko huzibebesha breki kazi yote, na hapo ni maisha ya watu.

Tabia za dereva

Giaboksi nyingi huharibiwa na mazoea. Tunawashauri madereva:

• Wasiweke mguu juu ya klachi wakati wa kuendesha.
• Kwenye foleni watoe gia na kuachia klachi.
• Wasilizuie gari mlimani kwa klachi. Watumie breki.
• Wasiegemeze mkono kwenye mkono wa gia, maana uzito huo hula uma za ndani.
• Gari lisimame kabisa kabla ya kuingiza rivasi.
• Kwa pikapu za kawaida, magurudumu manne yasitumike kwenye lami kavu. Yatumike kwenye mchanga na matope tu.

Dereva anayeripoti kelele mapema apongezwe. Akiogopa kulaumiwa, atanyamaza mpaka gari likwame.

Ratiba tunayofuata

Kila wiki: kutazama alama za oili chini ya gari na kupima mafuta ya klachi.
Kila kilomita 10,000: kupima oili ya giaboksi, difu na transfa, na kuweka grisi kwenye propela.
Kila kilomita 40,000: kubadilisha oili zote tatu. Gari linalopita majini au kubeba mzigo mkubwa hufanyiwa mapema zaidi.

Kila kazi huandikwa kwenye daftari: tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro huishia kwenye mito kama Mlalakuwa, na mto huo huishia baharini, wanakovua majirani zetu. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko na kupelekwa kwa wanaoikusanya kihalali.

Kukarabati au kununua ya mtumba?

Siku inaweza kufika ambapo matunzo hayatoshi. Maduka ya spea ya Ilala na Gerezani huuza giaboksi zilizotumika. Bei huvutia, lakini hakuna anayejua ilikotoka imetembea kiasi gani. Ukarabati hubadilisha beringi, sinkronaiza na sili, na unajua kilichowekwa. Kama gia zenyewe bado zina meno mazuri, ukarabati mara nyingi ni bora. Kama hausingi imepasuka au gia kadhaa zimevunjika, ya mtumba inaweza kuwa nafuu.

Kwa vyovyote vile, pata makadirio ya mafundi watatu kwa maandishi, omba kurudishiwa vipuri vya zamani, linganisha namba na ile ya kibao, na uandikiwe muda wa dhamana kwenye risiti. Fedha za mradi ni za watu wanaosubiri maji na dawa, na wana haki ya kujua zilivyotumika.

Maswali ya kujadili

1. Nani katika mradi wenu ana jukumu la kupima oili ya giaboksi? Ilipimwa lini mara ya mwisho?
2. Je, dereva wenu anaweza kuripoti hitilafu bila hofu?
3. Gari likisimama kwa mwezi mmoja, ni huduma zipi zitakwama, na ni nani ataumia kwanza?
4. Je, bajeti ya mwaka huu ina fungu la matengenezo, au mnasubiri gari liharibike?