Paka wa Nyumbani: Tumhasi au Tumwache?

Paka ni mlinzi wa ghala. Panya wakiona paka nyumbani, mahindi yanapona. Kwa hiyo paka ni mali. Mali hutunzwa kwa mpango.

Lakini je, paka akizidi kuzaa, tufanyeje? Watu wengine huwatia watoto wa paka katika gunia, wakawatupa porini au mtoni. Huo ni ukatili. Tena haumalizi shida, maana mama yao atazaa tena.

Haya, tufanye hesabu kidogo

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 5 hivi, yaani angali mdogo. Hubeba mimba kwa miezi 2 tu. Mara nyingi huzaa watoto 3 hadi 5. Aweza kushika mimba nyingine hata kabla ya kuwaachisha wale wa kwanza kunyonya.

Tuseme paka wako anazaa mara 2 kwa mwaka, kila mara watoto 4.
2 × 4 = 8.
Tuseme wote 8 wamepona, na 4 kati yao ni majike. Pamoja na mama yao, majike ni 5. Mwaka wa pili, kila mmoja akizaa watoto 8:
5 × 8 = 40.

Kweli, wengi hufa kwa njaa na magonjwa. Lakini kufa kwa njaa si mpango mzuri.

Kuhasi ni nini?

Dume huondolewa kokwa zake. Jike hupasuliwa tumbo na kuondolewa kizazi, asizae tena. Daktari wa mifugo humpa kwanza dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, ili asisikie maumivu.

Usijaribu kazi hii nyumbani kwa wembe au kisu. Paka atateseka, atatoka damu, na kidonda kinaweza kuoza. Na yeye atakuuma!

Faida zake

1. Jike hazai ovyo, wala halii usiku kucha akitafuta dume.
2. Dume hapigani sana, wala hatangitangi mbali. Mkojo wake haunuki sana kama zamani.
3. Paka wanaopigana huumana na kuambukizana magonjwa. Ugomvi ukipungua, vidonda navyo hupungua.

Hasara zake

1. Ni gharama: fedha za daktari na nauli.
2. Upasuaji wowote una hatari kidogo.
3. Hutapata watoto wa paka tena. Kama majirani wanakuomba paka wa kulinda ghala zao, fikiri kwanza.
4. Paka aliyehasiwa hunenepa upesi. Usimlishe kupita kiasi.

Maneno ya mitaani

Wako wanaosema, "Eti paka akihasiwa hakamati panya." Si kweli. Kuwinda ni tabia yake, na haiondoki pamoja na kokwa.

Wengine husema, "Lazima jike azae kwanza mara moja." Hiyo pia si kweli. Afya yake haihitaji azae kwanza.

Ukiamua kumhasi

Muulize bwana mifugo wa kata yenu ni wapi kazi hii inafanyika. Mara nyingi itabidi kwenda mjini. Basi shaurianeni nyumba tatu au nne, mpeleke paka pamoja na kugawana nauli. Mtie paka katika tenga lenye mfuniko. Muulize daktari ni saa ngapi aache kumlisha kabla ya kupasuliwa.

Akirudi, mweke ndani, mahali pakavu na safi. Jike akae ndani siku 10 hivi, mpaka kidonda kifunge. Ukiona usaha au uvimbe, au akikataa kula, mrudishe kwa daktari. Kumbuka, dume aliyehasiwa aweza bado kumpa jike mimba kwa wiki chache za kwanza.

Angalia sana: usimpe paka panadol. Dawa hiyo inamwua, hata kidonge kimoja.

Ukiamua kumwacha

Huo nao ni uamuzi, lakini una wajibu. Tafuta mapema watu wa kuwachukua watoto wake. Wakae na mama yao mpaka wafikie wiki 8. Na ukiwa na paka, usitege sumu ya panya. Paka akila panya mwenye sumu, naye aweza kufa.

Chanjo ni kwa wote

Ahasiwe au asihasiwe, paka achanjwe kichaa cha mbwa. Paka hupata ugonjwa huo na humwambukiza mtu kwa kumwuma. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu wote hufa. Ukiumwa na paka, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje.

Ndugu msomaji, paka hawezi kupanga uzazi wake. Anayeweza kupanga ni wewe. Kaa na watu wa nyumbani mwako, pimeni faida na hasara, kisha amueni.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, watoto wa paka wasiotakiwa hufanywaje?
2. Paka 3 wakizaa mara 2 kwa mwaka, kila mara watoto 4, watapatikana watoto wangapi?
3. Kwa nini si vizuri kumhasi paka kwa wembe?
4. Utafanya nini ukiumwa na paka?