Kabla Hujanukuu Alama

Mwaka wa pili tulipewa asaimenti katika somo la uhakiki: chagua kazi moja ya sanaa iliyowagawa wahakiki, kisha eleza kwa nini iliwagawa. Wenzangu wengi walikimbilia riwaya na filamu. Mimi nikachagua gemu, Robinson: The Journey, kwa sababu mbili. Kwanza nilidhani itakuwa mteremko. Pili, mimi ni mtu wa Lindi, na gemu hiyo imejaa dinosaria. Aliyekulia kwetu hawezi kulisikia neno hilo asikumbuke Tendaguru, alikofukuliwa yule mjusi mkubwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Mifupa yake imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Basi nikafanya tunachofanya wengi, tusidanganyane. Nikatafuta wastani wa alama za wahakiki, nikakuta uko katikati, si wa kusifia wala si wa kulaani, nikaandika kurasa nne kuthibitisha kwamba gemu yenyewe ni ya kawaida tu. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Wastani si hoja. Waligombana juu ya nini?" Alama haikuwepo. Nilipewa wiki mbili niandike upya, la sivyo naandikiwa sifuri, na kwa hali yangu muhula ule sifuri maana yake ilikuwa kusapu.

Kwa ambaye hajaiona: gemu ilitengenezwa na Crytek, kampuni ya Frankfurt, Ujerumani, ikatoka Novemba 2016 kwa ajili ya miwani ya PlayStation VR. Miwani hiyo yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu sokoni. Unakuwa mtoto aitwaye Robin, aliyenusurika baada ya chombo cha anga kiitwacho Esmeralda kuanguka kwenye sayari ya Tyson III. Unatembea na roboti moja inayoelea, HIGS, mwenye mdomo sana, na kitoto cha T. rex ulichokilea, Laika. (Jina ni la yule mbwa wa Wasovieti aliyerushwa angani mwaka 1957 na hakurudi. Sijui nani alifikiri ni jina la heri.) Kazi yako ni kuwatafuta wenzako, kupanda majabali, kuinua vitu kwa kifaa chako, na kuwachunguza viumbe unaowakuta.

Nikaanza kusoma tena tahakiki, safari hii nikiruka namba. Nikachora jedwali kwenye daftari: nani kasifia nini, nani kalaumu nini. Nilipofika tahakiki ya sita au ya saba nikaanza kucheka mwenyewe maktaba. Walikuwa wanasema kitu kilekile! Karibu wote waliandika kwamba mazingira yanapendeza kupita kiasi. Karibu wote waliandika kwamba gemu ni fupi, saa nne hivi umemaliza. Wengi waliandika kwamba mafumbo yake kuna mahali hayaeleweki, unazunguka tu hujui unatakiwa ufanye nini. Wengi walitaja kichefuchefu. Walikubaliana karibu kwa kila kitu isipokuwa alama.

Hapo ndipo nilipoielewa ile wino nyekundu. Nilikuwa nimechukulia kwamba anayetoa alama ndogo ameona ubaya ambao mwenzake hakuuona. Kumbe wote wameona vilevile, ila wamepima kwa mizani tofauti. Anayeiona gemu kuwa ni mahali, yaani sehemu ya kwenda kukaa na kushangaa, husimulia kwa aya nzima jinsi alivyosimama chini ya mjusi mwenye shingo ndefu akainua kichwa chake halisi kumtazama. Kwake yeye saa nne zinatosha. Anayeiona gemu kuwa ni kazi, yaani mambo ya kutenda na kufumbua, huyo mjusi anamtaja kwa sentensi moja, halafu anahesabu ni mara ngapi alipotea njia. Na aliyenunua ilipotoka mwaka 2016 aliikuta bei ya dola 60, sawa na gemu za saa 30. Ukizigawa hizo kwa saa nne, kisha ukakumbuka bumu lako, unamwelewa aliyenuna.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho jedwali langu halikukipata: tumbo. Ilibidi nivae miwani. Kaka wa rafiki yangu anayo, Dar, akaniambia, "Njoo mdogo wangu, ila usile kwanza." Nilidhani utani.

Dakika za mwanzo nilikuwa mjinga kabisa kwa raha. Nilimwona Laika anakuja, nikarudi nyuma nikagonga meza. Nikainua macho kumtazama mjusi mwenye shingo ndefu, na nakiri nilinyamaza, maana kwetu tumezoea kumwona kwenye picha tu, tena akiwa mifupa, tena akiwa ughaibuni. Kisha nikaanza kutembea kwa padi. Macho yanasema tunakwenda mbele, ilhali sikio la ndani, linalolinda mizani ya mwili, linasema tumekaa kwenye kiti. Ubongo ukipewa taarifa mbili zinazopingana namna hiyo, wengi wetu hupata kichefuchefu. Kupanda jabali kulikuwa afadhali, kwa kuwa unakwenda polepole na macho yametulia kwenye jiwe. Kutembea ndiko kulikonimaliza. Nilivua miwani nikiwa nimelowa jasho. Rafiki yangu alivaa baada yangu, akacheza saa nzima, akaomba maji, akaendelea.

Sasa chukulia sisi wawili ndio wahakiki. Nampa gemu alama gani mimi? Yeye je? Gemu ni ileile, kiti kilekile. Kwenye riwaya mwili wa msomaji hauingii sana katika hukumu, lakini hapa umeingia kabla hata hadithi haijaanza. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaoandika kuhusu gemu za aina hii watafute kwanza sentensi ambamo mhakiki anauzungumzia mwili wake: alicheza amekaa au amesimama, kwa muda gani, alipumzika mara ngapi. Asiposema popote, namba yake siichukui. Angalieni na tarehe pia. Novemba 2016 kitu kikubwa cha kutembea ndani yake kwa uhuru kilikuwa adimu kwenye miwani ile, gemu nyingi zilikuwa majaribio mafupi, kwa hiyo baadhi ya sifa zilikuwa za njaa.

Niliandika upya kurasa tano. Nikafuta sentensi yangu ya kwanza iliyosema wahakiki waliiona gemu kuwa ya kawaida, kwa sababu hakuna hata mmoja wao niliyemkuta akisema hivyo. Ni wastani tu uliosema. Nilipata B. Pembeni mwalimu aliandika kwamba aya ya kichefuchefu ni ndefu mno.