Kiangazi cha Ruaha na Wageni Wake

Somo letu la leo ni juu ya utalii. Mtalii ni mtu anayesafiri ili aone mambo na apumzike, siyo kwa kazi wala kwa msiba. Wengi wetu tunadhani watu wa namna hii hupenda mahali penye majani mabichi na baridi kidogo. Kumbe sivyo. Mkoani Iringa wageni wengi huja kati ya mwezi wa 6 na wa 10, tena huteremka bondeni kwenye joto, ambako nyasi zimekauka na mibuyu imebaki mitupu. Huko ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Kutoka Iringa mjini mpaka hifadhini ni kama kilometa 130, na njia hupita Idodi. Mjini utavaa koti. Ukifika kule utalivua mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa, kwa nini waje kiangazi? Sababu ni maji. Wakati wa masika kila shimo lina maji, kwa hiyo wanyama hutawanyika porini, na nyasi ndefu huwaficha. Kiangazi mashimo hukauka, nyasi hulala, na wanyama hurudi kwenye Mto Ruaha Mkuu na kwenye vijito vyake vya mchanga. Hapo mgeni hutulia ndani ya gari, akatazama. Tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokee. Wakishaondoka, wanyama wadogo nao hunywa katika shimo hilo hilo. Simba wanajua habari hii, ndiyo maana hujilaza karibu. Wapo pia tandala wakubwa na tandala wadogo, ambao si rahisi kuwaona wote wawili mahali pamoja.

Wageni wengine hupenda kutembea kwa miguu, na askari mwenye bunduki hutangulia. Matembezi haya hufanywa asubuhi au jioni. Saa saba mchana jua ni kali kweli kweli, hivyo swala yuko kivulini, na mgeni naye yuko kivulini amelala kwenye kiti. Naam, amelipa fedha nyingi ili alale kwenye joto! Sisi tunacheka, lakini yeye kwao ni nchi ya baridi.

Wala tusidhani mambo haya ni ya wageni wa Ulaya tu. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni wa nje. Asiye na nauli ya hifadhini aende Isimila, kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya Mbeya. Kuna korongo kavu lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Chini yake zimekutwa shoka za mawe za watu wa kale sana, wa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo penye mgogoro. Mto Ruaha Mkuu hauanzi Iringa. Maji yake mengi hutoka katika milima ya upande wa Mbeya, yakapita katika mbuga za Usangu, yakakusanyika katika bwawa la Ihefu, ndipo yakaingia hifadhini. Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko hubanana kwenye matope, na samaki hufa. Ni maji ya mto huo huo yanayokwenda Mtera na Kidatu kutoa umeme.

Mpunga wa Usangu unalisha watu wengi, na mchele wa Mbeya unasifiwa mpaka Dar es Salaam. Hatusemi watu waache kulima. Lakini yako mabanio ambayo huachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakamwagika katika majaruba matupu. Hayo ni maji yasiyomfaa mkulima wala tembo.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, na wengi walihamia mikoa ya mbali kusini. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika hifadhi. Hata hivyo mto uliendelea kukatika. Vijiji vya Idodi na Pawaga, upande wa Iringa, viliunda jumuiya yao iitwayo MBOMIPA ili vipate sehemu ya mapato ya wanyama. Hilo ni jambo jema. Lakini mtu wa Mbarali, ambaye ndiye anayeambiwa afunge banio, anapata nini? Kwa maoni yetu swali hili halijajibiwa sawasawa.

Mjadili darasani: Tangu hifadhi ianzishwe mpaka mto ulipoanza kukatika ilipita miaka mingapi? Katika kijiji chenu ni nani mwenye kazi ya kufunga banio baada ya mavuno, na je, mwaka jana lilifungwa mwezi gani?