BAHATI, UTAJIRI NA KARMA: DENI LAKO ATALIPA NANI?



Karatasi hii umepewa getini, au labda umeiokota tu chini. Vyovyote vile, usiifungie karanga kwanza. Soma.

Jioni moja baada ya mkutano, vyombo vinafungashwa na watu wanatawanyika, binti mmoja alibaki kando ya jukwaa na mtoto mgongoni. Akaniambia, "Shikamoo mchungaji. Mimi sijaja kuokoka. Nina swali tu." Nikamwambia uliza, mwanangu. Akamshusha mtoto, akafunua kanga. Mtoto wa miezi mitatu, mzima, anacheka, ila nyayo zake zote mbili zimepinda kwa ndani. Baba yake alipoiona miguu ile alisema yeye hawezi kulea mkosi, akaondoka. Na rafiki wa karibu wa huyo binti, waliyekaa naye dawati moja, alimtumia ujumbe kwenye simu wenye neno moja tu: KARMA. Maana huyo bwana binti alimpata kwa kumnyang'anya mwenzake.

Swali lake lilikuwa hili: "Mchungaji, ni kweli mwanangu analipa deni langu?"

Ndugu msomaji, nitakuambia nilimjibu nini, lakini ngoja kwanza tulichambue hilo neno. Siku hizi kila kijana analo mdomoni. Mtu akiibiwa simu, karma. Mkeka ukichanika kwa timu moja, ati huna nyota. Biashara ya mitumba ikidoda, una gundu, nenda kasafishwe. Tunachanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja, bahati, mkosi na karma, tunakoroga, tunakunywa. Halafu tunashangaa tumbo linauma!

NENO HILI LIMETOKA WAPI?

Karma ni neno la Kihindi cha kale, maana yake ni TENDO. Lilikuwepo kabla ya Buddha, ila yeye alilifundisha kwa namna yake, huko kaskazini mwa Uhindi, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Kwake yeye kilichobeba uzito ni nia iliyo nyuma ya tendo. Mafundisho yake yameenea Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Kambodia na kwingineko, na hata Dar es Salaam lipo hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon enzi za Mwingereza. Kwa hiyo nikisema habari zao nasema habari za jirani, na jirani hasingiziwi. Nitasema walichofundishwa kweli.

Katika maandiko yao kuna kijana aitwaye Subha, ambaye alimwuliza Buddha swali ambalo hata wewe umeshajiuliza usiku. Kwa nini huyu anakufa mapema na yule anazeeka? Kwa nini huyu mgonjwa na yule mzima? Kwa nini huyu amezaliwa maskini na yule tajiri? Buddha akamjibu kwamba kila kiumbe ni mrithi wa matendo yake. Aliyeua viumbe akizaliwa tena maisha yake huwa mafupi. Aliyewanyima watawa chakula, nguo na malazi huzaliwa maskini, na aliyetoa kwa ukarimu huzaliwa na mali. Umeona? Hapo hakuna bahati hata kidogo. Ni daftari. Kila kitu kimeandikwa, na kila ukurasa una jina lako.

Tena Buddha hakupenda mambo ya nyota. Watawa wake walikatazwa kujipatia riziki kwa kupiga ramli na kusoma ishara. Na kuna kisa kingine cha kijana, Sigala, aliyekuwa akiamka alfajiri na kuziabudu pande sita za dunia kwa sababu baba yake alimwachia wosia huo. Buddha akamwonyesha mambo yanayomaliza mali ya mtu: pombe, kuzurura usiku, kushinda kwenye maonyesho na ngoma, kamari, marafiki wabaya na uvivu. Halafu akamgawia mapato mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuendeshea kazi, la nne la akiba kwa siku ya shida. Hilo la kamari lisome mara mbili, wewe ambaye nauli ya kesho umeshaibetia leo.

Mimi ni mhubiri wa Injili, na nakiri wazi kwamba ushauri ule ni mzuri. Kijana akiufuata hatalala njaa kirahisi.

LAKINI WATU WANATAKA NJIA YA MKATO

Sasa tazama binadamu alivyo. Mwaka 1987, kusini mwa Thailand, katika mji wa Nakhon Si Thammarat, zilitengenezwa hirizi za duara zilizoitwa Jatukham Ramathep. Aliyehusika sana alikuwa polisi wa zamani aliyesifika kwa kukamata majambazi na kwa elimu ya mambo ya siri. Hirizi zile ziliuzwa kwa bei ndogo. Mzee yule alipofariki mwaka 2006, akiwa amevuka miaka 100, maelfu walimiminika kwenye maziko yake mwanzoni mwa mwaka 2007, na hapo moto ukawaka. Ati ukivaa hii unatajirika! Yakatolewa matoleo mapya kila kukicha, mengine yakipewa majina ya utajiri, na zile za mwanzo zikafikia bei ya kununulia gari. Mwezi Aprili mwaka 2007 watu waligombania kuponi za kununulia hirizi hizo, wakakanyagana, na mwanamke mmoja akafa.

Amekufa akitafuta bahati, jamani.

Haukupita muda mrefu soko likajaa, bei ikaporomoka, na waliokopa ili wanunue wakabaki na vidude shingoni na madeni mlangoni. Mtawa mmoja maarufu wa huko huko, Phra Phayom, alichukizwa na jambo lile hadi akaokesha biskuti za umbo la hirizi ile akaziuza, angalau mtu apate cha kutafuna! Nilipokisoma kisa hicho nilicheka, halafu nikanyamaza. Maana na kwetu je? Zamani ilikuwa pete na talasimu kutoka kwa mganga. Leo kuna mahali wanataja jina la Yesu na bado unauziwa chupa ya maji na kitambaa, kila kimoja na bei yake, ili nyota yako ing'ae. Mpendwa, ile nayo ni hirizi. Nabii Isaya aliwakemea watu wa Mungu waliokuwa wakimwandalia Bahati meza kama mungu (soma Isaya 65:11). Meza ile bado inaandaliwa, na wengine wanaiandaa madhabahuni.

DAFTARI HALINA MSAMAHA

Turudi kwenye karma. Usidhani Biblia inapinga kwamba tendo lina matokeo. Soma Wagalatia 6:7, habari ya kupanda na kuvuna. Ukiiba utakimbizwa, na ukilala na kila mtu utaleta maradhi nyumbani. Hilo hata mtoto anajua.

Tatizo liko kwingine. Daftari likishaandikwa, unamwendea nani? Katika mafundisho ya Buddha hakuna mwenye daftari. Hakuna anayekudai na hakuna anayeweza kukusamehe. Ni wewe na matendo yako, maisha baada ya maisha, mpaka ujikomboe kwa juhudi zako mwenyewe.

Wanacho kisa kizito sana cha Angulimala. Huyu alikuwa muuaji wa kutisha, alivaa shingoni mkufu wa vidole vya watu aliowaua. Akakutana na Buddha, akaacha uovu, akawa mtawa, na wanasema alifikia daraja la juu kabisa la utakatifu wao. Lakini alipokwenda mjini kuomba chakula, watu walimpiga mawe na fimbo. Akarudi damu inamtoka kichwani, bakuli limevunjika, nguo imechanika. Buddha akamwambia avumilie, kwa kuwa anayopata sasa ni matunda ya matendo ambayo yangemtesa jehanamu miaka mingi.

Weka kisa hicho karibu na cha mwizi msalabani (Luka 23:39-43). Naye alikuwa mhalifu, na kwa kinywa chake alikiri kwamba adhabu ile ni haki yake. Nami sitakudanganya kama wanaokudanganya wengine: Yesu hakumshusha pale. Misumari haikung'oka. Jioni askari walimvunja miguu (Yohana 19:32). Kwa hiyo ukitazama kwa macho ya nje, Angulimala na mwizi wote wawili walipata matunda ya matendo yao.

Tofauti iko kwenye msalaba wa katikati. Pembeni ya mwizi alikuwepo Mtu asiye na deni lolote, naye ametundikwa kama wenye madeni. Mwizi hakuwa na muda wa kurekebisha kitu, wala mali ya kutoa sadaka, wala maisha mengine ya kujaribu tena. Alikuwa na sentensi moja tu ya kuomba. Naye akaahidiwa paradiso SIKU ILE ILE. Paulo anaeleza katika Wakolosai 2:14 kwamba hati iliyotushtaki iligongomewa msalabani. Kumbe daftari lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyelipa! Haleluya!

NILIMJIBU NINI YULE BINTI?

Nilimfungulia Yohana 9. Wanafunzi walimwona kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza swali lile lile: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Ni kama wale wa kwenye simu. Yesu alikataa yote mawili. Si yeye, si wazazi. Akainama, akatengeneza tope, akaanza kazi ya kumsaidia. Na katika Luka 13, watu 18 walipoangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa tena kusema kwamba wao walikuwa waovu kuliko wengine.

Nikamwambia na jambo jingine, akashangaa. Buddha mwenyewe, alipoulizwa na mtu aitwaye Sivaka kama kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani, alisema hapana. Alitaja nyongo, makohozi, upepo mwilini, mabadiliko ya majira, ajali. Kwa hiyo yule rafiki aliyeandika KARMA kwenye simu hakumwuliza Yesu, na hata Buddha hakumwuliza. Aliongea tu, na maneno yake yakamkaa mwenzake moyoni kama mwiba.

Binti akalia. Akasema, "Lakini mchungaji, yule dada kweli nilimkosea." Nikamwambia hilo ni kweli, na hilo lina dawa yake. Kamwombe msamaha yule dada. Mwombe Mungu msamaha kwa hilo, kwa jina lake, usilifunike. Ila usimwekee mwanao mzigo ambao Mungu hakumwekea. Dhambi yako ni moja, miguu ya mtoto ni habari nyingine.

Tukaomba. Miguu haikunyooka pale, na sitakuandikia uongo kwa sababu karatasi hii ina jina la Yesu juu yake. Nikamwambia kesho asubuhi ampeleke hospitali, maana ule ni mguu kifundo na unatibika. Mtoto akiwahishwa mapema anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, miguu inarudi kidogo kidogo, halafu anavaa viatu maalumu ili isipinde tena. Mama mmoja wa kanisani alijitolea kumsindikiza, na nauli wakachangiwa na wapiga vyombo.

Alikuja tena mkutano uliofuata, mtoto ana plasta mpaka mapajani, kama askari aliyetoka vitani. Safari hii hakuwa na swali.

Na wewe je? Labda kuna jambo ulilofanya, unalijua peke yako, na kila baya likikupata unajisemea, "Ndiyo ile." Au unatafuta namba ya bahati wakati deni lenyewe liko moyoni. Hapo ulipo, hata kama ni kijiweni, hata kama washkaji watacheka, sema hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, daftari langu unalijua. Nimekosa, na hili na hili nimelifanya mimi. Siwezi kulipa. Naamini ulilipa msalabani. Nisamehe, nifanye wako, unionyeshe niliyemkosea nikamwendee. Amina."

Ukiwa umeomba hivyo, jioni njoo uwanjani umwambie mhudumu yeyote. Tutakuombea, tutakutafutia Biblia na kanisa lililo karibu na kwenu. Hatutozi hela, wala hatuuzi mafuta.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.