Msiuze kiwanja kabla hamjaonana na mfamasia

SWALI: Dokta, mama yangu ana miaka 58 na anatibiwa saratani ya ovari hatua ya tatu. Alifanyiwa upasuaji, madaktari wakatuambia uvimbe haukutoka wote. Ameshapata dozi mbili za kemo, kaboplatini na paklitakseli. Sasa bingwa wake ameandika dawa nyingine ya dripu, bevasizumabu, akasema hospitalini haipo, tuitafute. Nimezunguka maduka ya dawa hapa Mwanza, sijaipata. Dar es Salaam nimetajiwa bei iliyonitoa machozi. Kuna kijana ametutumia picha ya kichupa kwa WhatsApp, anasema mzigo wake umetoka nje na bei ni nusu. Kaka zangu wanataka kuuza kiwanja cha mama. Tufanye nini?
Binti anayeuguza, Mwanza

JIBU: Binti yangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na ya haraka. Kichupa cha huyo kijana msikinunue. Kiwanja msikiuze wiki hii. Na kemo ya mama isiahirishwe hata siku moja kwa sababu ya kusubiri dawa hii.

Kinachobeba tiba ya mama ni zile dawa mbili alizokwisha kuanza. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa ajili ya ugonjwa huu. Bevasizumabu huongezwa juu yake. Nimeona familia zikisogeza tarehe ya kemo ili fedha zote ziende kwenye dawa iliyokosekana, na muda wote huo uvimbe unaendelea kukua. Msifanye hivyo.

Inafanya nini?

Bevasizumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Avastin, si kemo. Uvimbe unapotaka kukua hutoa protini inayochochea mishipa mipya ya damu iote na kuulisha. Dawa hii huikamata protini hiyo kabla haijafanya kazi yake, na uvimbe hukosa lishe.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa, GOG-0218 na ICON7. Katika la kwanza, nusu ya wanawake waliopewa kemo peke yake walikuwa wameona ugonjwa ukisonga mbele tena kufikia mwezi wa 10. Kwa waliopewa kemo pamoja na bevasizumabu, kisha wakaendelea na bevasizumabu peke yake, nusu hiyo ilifikiwa mwezi wa 14. Ukiwachukua wanawake wote kwa pamoja, majaribio haya hayakuonyesha kwamba dawa iliwaongezea maisha. Lakini katika ICON7, wale wa hatari kubwa, yaani wa hatua ya nne, au wa hatua ya tatu ambao uvimbe wao haukuweza kuondolewa au ulibaki kwa kiasi kikubwa baada ya upasuaji, waliishi wastani wa miezi 39.3, dhidi ya miezi 34.5 ya wenzao waliopata kemo tu.

Kwa maelezo yako, mama anaelekea kuwa katika kundi hili. Bingwa wake ana sababu ya kuiandika dawa hii, nanyi mna sababu ya kuitafuta. Ila mjue mnachokitafuta: miezi ya ziada. Asije mtu akawauzia kama dawa ya kumponya mama moja kwa moja.

Swali la kipimo

Hili ndilo swali ambalo familia nyingi hazijui kwamba zinaweza kuliuliza. Vibali vya Marekani na Ulaya vinataja miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki tatu. ICON7 ilitumia 7.5, na ile faida niliyoieleza kwa wanawake wa hatari kubwa ilipatikana kwa kipimo hicho cha nusu.

Tuseme mama ana kilo 60. Kwa kipimo cha juu anahitaji miligramu 900 kila dozi, yaani vichupa viwili vya miligramu 400 na kimoja cha 100. Kwa kipimo cha ICON7 anahitaji 450: kichupa kimoja cha 400 na kimoja cha 100, na hapo 50 zinabaki. Muulize bingwa kwa adabu kama kipimo cha ICON7 kinamfaa mama. Uamuzi ni wake, lakini jibu lake linaweza kuwapunguzia gharama karibu nusu. Muulize pia mama ataitumia kwa muda gani. ICON7 iliitoa kwa mwaka mmoja, na jaribio la baadaye lililolinganisha miezi 15 na miezi 30 halikuona faida ya kurefusha.

Kichupa kikishatobolewa hakihifadhiki kwa ajili ya dozi ijayo, maana dawa hii haina kihifadhi. Kama kuna mgonjwa mwingine anayeitumia, hospitali inaweza kuwapangia siku moja ili kinachobaki kwa mmoja kimsaidie mwenzake.

Pa kuitafutia

Umezunguka madukani peke yako na cheti mkononi. Kazi hiyo irudishe hospitalini, kwa mfamasia anayehudumia wagonjwa wa saratani. Muombe mambo haya.

Kwanza, aangalie kwenye orodha ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ni bevasizumabu zipi zimesajiliwa nchini na nani anaziingiza, kisha awasiliane na muagizaji huyo moja kwa moja. Cheti kiandikwe kwa jina la dawa yenyewe, kisitaje Avastin peke yake. Siku hizi viwanda vingine, vikiwemo vya India, vinatengeneza bevasizumabu zinazofanana na ile ya awali, na Marekani iliruhusu ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya saratani mwaka 2017. Mara nyingi bei yake huwa nafuu.

Pili, bingwa wenu azungumze na wenzake wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Muhimbili au KCMC. Dawa iliyokosekana kwenu huenda ipo kwenye stoo yao, na daktari akimpigia daktari mwenzake mambo huenda haraka kuliko ndugu kubisha hodi dirishani.

Tatu, kama mama ana bima, ofisi ya bima ya hospitali ipeleke maombi kabla hamjanunua chochote, na jibu mlipate kwa maandishi. Kama hana bima, nendeni ustawi wa jamii hapo hospitalini mkaeleze hali yenu. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi, msione haya.

Nne, iwapo italazimu dawa itoke nje ya nchi, hospitali iombe kibali TMDA kwa barua ya daktari. Isije kwenye begi la ndugu anayerudi safari.

Kwa nini nakataa kichupa cha WhatsApp

Dawa hii hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mgonjwa. Joto huiharibu, na kuganda huiharibu vilevile. Kwa hiyo hata kuizungushia mabonge ya barafu kunaweza kuiua. Kichupa kilichokesha kwenye buti la basi la Dar kinaweza kuonekana safi kabisa, na jicho lako halitagundua chochote. Ndiyo maana nasema muuzaji aifikishe famasia ya hospitali, pamoja na kumbukumbu za joto la safari, namba ya toleo na risiti ya EFD. Msiipitishe kwenye friji ya nyumbani ambayo umeme ukikatika nayo inazima.

Tena kuna ubandia. Februari 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kwamba Avastin bandia imeingia kwenye mzunguko wa dawa nchini humo. Vichupa vilipopimwa, kiambato chenyewe hakikuwemo. Kama ilitokea kwenye nchi yenye ukaguzi mkali kiasi hicho, picha ya simu haiwezi kuwathibitishia chochote.

Kabla ya dripu ya kwanza

Dawa hii huchelewesha vidonda kupona, hivyo ziwe zimepita angalau siku 28 tangu upasuaji, na kidonda kiwe kimefunga. Kama kuna mpango wa upasuaji mwingine, bingwa aujue mapema. Hupandisha presha, huweza kupitisha protini kwenye mkojo, huweza kusababisha damu kuganda au kutoka, na mara chache hutoboa utumbo. Mama akiwa na dalili za utumbo kuziba, mwambieni daktari kabla ya dripu. Dripu ya kwanza huchukua dakika 90. Akiivumilia, inayofuata huwa dakika 60, kisha 30. Akiwa nyumbani akapata maumivu makali ya tumbo ya ghafla, damu isiyokoma, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana au kichwa kuuma sana, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kiwanja

Waambie kaka zako wasubiri. Muombeni bingwa kikao, na mama awepo. Aelezwe faida kwa miezi, gharama kwa dozi zote na wala si dozi ya kwanza tu, na madhara. Dawa inayoanzwa kwa fedha za kiwanja kisha ikakatika dozi ya tatu haiwapi kile majaribio yalichokionyesha. Kiwanja ni chake na mwili ni wake, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Akisema hataki, mheshimuni.

Na kama mkihangaika kote mkaikosa, usijilaumu, binti yangu. Kaboplatini na paklitakseli, zikikamilishwa kwa tarehe zake, ndizo zilizokuwa tiba ya ugonjwa huu duniani kabla ya bevasizumabu, na hadi leo ndizo msingi wake. Dozi ya tatu iko karibu. Hakikisha mama anafika siku hiyo, amekula vizuri, na amepimwa damu mapema.