Elimu ya Chakula na Lishe
Swali: Binti yangu ataka kusomea shahada ya chakula na lishe. Je, huo si upishi tu?

Jibu: La, ndugu yangu, kwani mwanafunzi wa fani hii, mathalani katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoasisiwa mwaka 1984, hudurusu kemia, baiolojia na vijidudu, apate kufahamu kwa yakini jinsi mwili utumiavyo protini, kwa nini upungufu wa iodini huleta rovu, na vipi mahindi yasiyokaushwa barabara huota kuvu watoao aflatoksini, sumu idhuruyo ini. Elimu hii ni amana ya umma mzima. Basi mhimize binti yako ashike kemia na baiolojia, wala usimzuie.