Mwanangu anatetea imani, undugu unavunjika

*Anti, mwanangu wa kiume ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Mjomba wake aliyeko New York alimlipia darasa la mbashara mtandaoni, la mtazamo wa Kikristo na utetezi wa imani. Nilifurahi, maana niliogopa asije akashinda kijiweni. Sasa nimechoka. Darasa linaanza saa tisa usiku, bando halifiki wiki, na mchana kutwa amelala.*

*Lakini hilo ni dogo. Ukoo wa mume wangu una Waislamu na Wakristo, na hatujawahi kugombana. Jumapili iliyopita baba yake mdogo, ambaye ni Mwislamu, alikuja kula nasi. Kuku alimchinja yeye mwenyewe, kama siku zote. Hata hatujafika katikati ya chakula, kijana akafungua daftari: Yesu kwenu ni nani, thibitisha hiki, jibu kile. Shemeji akanawa mikono, akaaga, pilau yake ikabaki sahanini. Kesho yake ikawa zamu ya bibi, eti kwa nini anafagia kaburi la babu. Mume wangu anataka darasa life leo. Mimi naona kijana amepata kitu anachokipenda. Nifanyeje?*

*Mama Njia Panda, Morogoro*

Mama Njia Panda,

Darasa lisife. Kinachotakiwa kufa ni tabia ya kuwajibu watu ambao hawajauliza.

Kijana anayekatisha usingizi ili ajifunze si wa kufungiwa. Mkimzimia simu ataondoka na somo moja tu: kwamba imani ya nyumbani kwenu haihimili maswali. Na maswali yatamfuata kidato cha tano, chuoni na kazini. Heri ayakute sasa, akiwa na mwalimu.

Ila kwanza aombe radhi. Aende kwa baba yake mdogo kwa miguu yake, si kwa ujumbe wa simu, na mume wako amsindikize. Aanze na shikamoo, aombe msamaha kwa kumtahini mkubwa wake mezani, kisha anyamaze. Asiongeze “lakini”.

Akikuuliza kosa lake ni nini, mwambie afungue Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15. Ndio mstari ambao walimu wa utetezi wa imani huusimamia. Unamtaka Mkristo awe tayari kumjibu anayemwuliza sababu ya tumaini lake, tena kwa upole na heshima. Mwanao ameshika utayari, mengine ameyaacha. Shemeji yako hakuuliza kitu, alikuja kula.

Kisha amtazame Paulo kule Athene, Matendo sura ya 17. Sanamu za mji zilimchoma moyo, lakini aliposimama Areopago alianza kwa kutambua kwamba wenyeji wake ni watu wa dini. Alitaja madhabahu aliyoiona mjini mwao, akataja hata washairi wao. Maana yake alikuwa ameshazunguka na kusikiliza kabla ya kufungua kinywa. Hiyo iwe kazi ya nyumbani ya kijana. Siku baba mdogo akiwa radhi, amwombe amweleze Waislamu wanaamini nini kuhusu Isa bin Maryamu, halafu ayarudie kwa maneno yake mwenyewe mpaka aambiwe, “Hapo umenielewa.” Siku hiyo asijibu hoja hata moja.

Kwa bibi vilevile. Anayefagia kaburi si lazima awe anamwabudu aliyelala humo. Amwulize anafanya nini na kwa nini. Akitaka zaidi, amsome John Mbiti, padri wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, ambaye alichunguza kwa kina jinsi Waafrika wanavyohusiana na marehemu wao, na kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kinasomwa vyuoni hadi leo.

Sasa darasa lenyewe. Kaa naye kipindi kimoja, usikilize. Faida ya mbashara ni mwalimu kumwita kwa jina na kumwambia, “Hapo umeruka hatua,” na mwenzake kumpinga papo hapo. Kama wanafunzi wamefungwa maikrofoni mwanzo hadi mwisho, mjomba ananunua video kwa bei ya darasa.

Sikiliza pia maswali ni ya nani. Kwa vijana wengi wa Marekani swali kubwa ni kama Mungu yupo. Barazani kwetu ni wachache wanaobisha hilo. Kwetu watu huuliza kwa nini nabii anauza maji ya upako, kwa nini mgonjwa aliyeombewa alikufa, na kama huu Ukristo si dini ya Wazungu. Kijana anyooshe mkono ayapeleke darasani. Na hilo la mwisho ajibu kwa historia: Tertuliano aliandika utetezi wake mwaka 197 huko Karthago, Tunisia ya leo, Origen alikuwa mtu wa Aleksandria, Misri, na Agustino, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Algeria, alianza kuandika Mji wa Mungu mwaka 413, baada ya Wakristo kulaumiwa kwa kuporwa kwa Roma mwaka 410.

Kuhusu usingizi, ongea na mjomba. Saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku kwetu wakati wa baridi yao, na kuanzia katikati ya Machi inakuwa saa nane. Atafute kipindi cha saa nne asubuhi ya kwao. Sasa hivi kitamkuta mwanao saa kumi na mbili jioni. Na ili bando lidumu, azime kamera anaposikiliza, aiwashe anapoongea.

Mwambie mume wako asikatize darasa, aweke sharti: hakuna kipindi kingine mpaka baba mdogo ameombwa radhi. Na akitaka kujua kama darasa linafaa, asihesabu mabishano ambayo kijana ameshinda. Ahesabu ndugu ambao bado wako radhi kuongea naye habari za Mungu.